Uliza Ujibiwe: Fremu tumepata, leseni ya vileo bado

SWALI: Mshauri habari za kazi. Mimi na mwenzangu tunataka kufungua mgahawa wenye baa ndogo, fremu tumeshapata, iko kona nzuri sana ila mwenye nyumba anataka tusaini mkataba wiki hii la sivyo anampa mtu mwingine. Leseni ya vileo hatujaomba, kuna mtu katwambia ni kujaza fomu na kulipia tu. Tusaini?

JIBU: Msisaini hivyo hivyo. Mwambieni aweke kipengele kwamba leseni ikikataliwa mkataba unavunjika na kodi yenu inarudi. Akigoma kabisa, mi ningeanza kujiuliza wapangaji waliopita waliondoka kwa nini.

Huyo wa fomu kawapoteza, fomu ndo kazi ndogo kuliko zote. Leseni ya vileo inawaangalia nyie wenyewe, yaani umri, rekodi ya polisi, sehemu nyingine mpaka mtaji umetoka wapi, halafu inaangalia na mahali, na hapo kwenye mahali ndo watu wengi wanakwama wakiwa wameshanunua friji na kuchonga kaunta. Maeneo mengi yana sheria ya umbali toka shule au nyumba ya ibada, na upimaji wenyewe unatofautiana, wengine wanapima mlango kwa mlango wengine wanaanzia mpaka wa kiwanja, kwa hiyo msikadirie kwa macho, nendeni ofisi inayotoa leseni mkaulize kabla ya kulipa chochote. Ulizeni pia kama mtaa huo ni wa makazi tu, na kama idadi ya leseni ina ukomo. Kule New Jersey Marekani kwa mfano kila mji unaruhusiwa kutoa leseni moja ya baa kwa kila wakazi 3,000, zikiisha unanunua ya mtu kwa bei atakayotaka yeye.

Halafu majirani jamani! Kwa kawaida ombi linatangazwa ili mwenye pingamizi alete, Uingereza wanapewa siku 28. Pitieni kwao mapema, waambieni mtafunga saa ngapi, mziki utakuwaje, magari yatapaki wapi, maana kinachowaudhi zaidi ni kelele za usiku kuliko pombe yenyewe.

Na kama chakula ndo biashara kuu, ombeni leseni ya mgahawa, mara nyingi haina ugumu kama ya baa. Ila msije mkageuza baa kimya kimya, wakaguzi wanapita.

SWALI: Nimenunua baa pamoja na leseni yake, naweza kuendelea kuuza?

JIBU: Usiuze kwanza. Sehemu nyingi leseni haihami yenyewe kwa vile umelipa, mamlaka lazima ikubali uhamisho na wewe uchunguzwe upya kama vile unaanza. Hela ya mwisho usimpe muuzaji mpaka uhamisho upite, na uangalie kama hana faini au kodi ya serikali anayodaiwa, hayo madeni yanaweza kukukwamishia uhamisho.