Sokwe mchanga aliyekonda: joto kwanza, maziwa baadaye

Ndugu mnaoanza kazi ya kutunza sokwe na kima huku Bukavu na Lwiro, mashariki mwa Kongo, mtakapopokea mtoto aliyebaki mifupa mitupu, mkono utakimbilia maziwa. Uzuieni.

Kwanza joto. Tumbo la mnyama aliyepoa halisagi chakula. Maziwa yanalala humo, yanachacha, tumbo linavimba. Usiku wa huku una baridi, kwa hiyo fungeni chupa ya maji ya moto kwa kitambaa muiweke ubavuni pake, isiguse ngozi. Subirini hadi joto la mwili wake likaribie nyuzi 37.

Kisha maji. Finyeni ngozi kidogo, muiachie: ikibaki imesimama, huenda amekaukiwa maji. Hapa tunafuata njia ya wauguzi wa watoto wenye bwaki, yaani utapiamlo mkali: paketi ya SRO (chumvi ya kurudisha maji mwilini) ya lita 1 iyeyushwe katika lita 2 za maji yaliyochemka na kupoa, pamoja na gramu 50 za sukari, potasiamu ataongeza daktari. Chumvi ikizidi, moyo dhaifu unalemewa. Mpeni mililita 5 kwa kila kilo ya uzito, kila nusu saa, kwa saa 2 za mwanzo, kwa seringi isiyo na sindano, akiwa ameketi wima. Akilala chali, maji yanaingia mapafuni.

Maziwa ya unga ya watoto wachanga yaanze nusu ya nguvu yake, kidogo kidogo kila saa 2, usiku pia, na yafikie nguvu kamili baada ya siku 4 au 5. Mkiharakisha, madini ya fosfeti na potasiamu yanashuka ghafla kwenye damu, na moyo unaweza kusimama siku ya tatu, macho yake yakiwa yameanza kuchangamka. Inauma sana kumpoteza hapo.

Waya wa mtego uliozama kwenye kifundo msiuvute. Daktari wa wanyama amlaze kwa dawa, ndipo ukatwe. Osheni kidonda kwa maji yaliyochemka na kupoa, yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, siyo pombe, maana inaunguza nyama changa. Vidole vikiwa baridi na vyeusi, damu haifiki tena: daktari ajue siku hiyohiyo.

Barakoa ivaliwe kila mnapoingia. Mafua yetu ya kawaida yanaweza kumuua sokwe.

Mpimeni uzito kila asubuhi kabla ya maziwa. Ukipanda ghafla, bonyezeni unyayo kwa kidole gumba: shimo likibaki, hayo ni maji, bado hajanenepa.