Livingstone mwezi wa kumi: niende au niahirishe?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa Igoma, Mwanza, nafanya kazi kwenye kiwanda cha samaki. Likizo yangu inaangukia mwezi wa kumi, na nataka kwenda Livingstone, Zambia, begi mgongoni, kwa basi na treni, nikaone Maporomoko ya Victoria na korongo la mto Zambezi. Ila kila ninayemwambia ananikatisha tamaa. Huyu anasema mwezi huo maporomoko yamekauka, yule anasema joto la kule halivumiliki. Niahirishe? Na nikienda, siku zangu nizipange vipi?*
*Msomaji, Igoma*

Marahaba, mwanangu. Usiahirishe. Hao hawakukudanganya, ila wanafikiria maporomoko tu, na wewe umeuliza na korongo.

Ni kweli kwamba mwezi wa kumi na wa kumi na moja Zambezi huwa umepungua sana. Upande wa Zambia ukuta wa mwamba hubaki karibu mtupu, michirizi hapa na pale, na maji mengi yaliyobaki huangukia upande wa Zimbabwe. Anayetaka kishindo, na mvuke wa kumlowesha mpaka ndani ya viatu, aende mwezi wa nne au wa tano. Lakini miezi hiyo korongo lenyewe huwezi kuliona vizuri, limejaa mvuke, na njia ya kushukia mtoni hufungwa maji yakiwa mengi. Mwezi wako ndio wa kuliona. Utauona ukuta wote, upana mita 1,708 na kimo mita 108, mwamba mweusi wa volkano uliopasuka. Kisha tazama mto unakoelekea: unakata kushoto, unarudi kulia, tena kushoto. Kila mkono wa hilo korongo ni mahali maporomoko yalipokuwa zamani, kabla maji hayajaula mwamba na kusogea nyuma. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko kishindo.

Sasa joto, na hapa nisikilize. Sisi watu wa Mwanza ziwa limetudekeza. Jua likiwaka vipi, mchana upepo unaingia kutoka majini, unakaa chini ya mti pale Kamanga unapoa. Livingstone upepo huo hakuna. Mwezi wa kumi nyuzi 35 ni jambo la kawaida, na siku nyingine zinakaribia 40. Korongoni ni zaidi ya mjini, kwa sababu ule mwamba mweusi unakunywa jua tangu asubuhi, na ikifika saa sita unakurudishia wewe usoni.

Kwa hiyo shuka asubuhi na mapema, mara tu geti la hifadhi linapofunguliwa. Njia inaitwa Boiling Pot. Ni ngazi za mawe zenye mwinuko mkali, kisha unapita kwenye kijisitu cha mitende chenye unyevu, kuna vijito vya kuruka, halafu unatokea kwenye mawe makubwa meusi. Pale mto unatoka kwenye mfereji mwembamba, unagonga ukuta na kuzunguka kwa nguvu kama uji unaokorogwa. Inua macho: daraja la reli na barabara la mwaka 1905 liko juu yako, zaidi ya mita 120, na lori linalopita linaonekana dogo kama kiberiti. Kaa hapo upendavyo, lakini uanze kupanda kabla ya saa nne. Kushuka hakuna kazi; kupanda ndiko kunakowaumiza watu. Kuanzia sasa, jioni ukitoka kazini, panda ngazi za kilima cha Bugando ukiwa na begi lako. Ukiweza bila kusimama, Boiling Pot utaiweza.

Usiingie majini hata ukijiona muogeleaji wa Ziwa. Zambezi una mamba, na pale chini mkondo hauna huruma. Chakula kifunge ndani ya begi, si kwenye mfuko wa rambo mkononi, maana nyani wa pale wanaujua na watakunyang'anya. Na kutoka mjini hadi maporomoko ni kilomita 10 hivi; panda teksi ya kuchangia, usitembee, hasa jioni. Kiangazi tembo huvuka barabara ile kwenda kunywa maji.

Mchana ingia Makumbusho ya Livingstone, yaliyoanzishwa 1934. Kuna kivuli, kuna mambo. Utaona nakala ya fuvu la binadamu wa kale lililopatikana Kabwe mwaka 1921. Fuvu lenyewe liko London mpaka leo, na jambo hilo linaniuma kila nikilikumbuka. Jioni jua likipoa omba kibali cha daraja kwa maofisa wa uhamiaji, utembee mpaka katikati ulitazame korongo kutoka juu.

Kuhusu njia: nilipokuwa napeleka dagaa wa Mwaloni Lusaka nilipenda kupitia Mbeya. Kutoka pale unachagua, basi hadi Tunduma uvuke Nakonde, au treni ya TAZARA mpaka Kapiri Mposhi. Ratiba ya treni hubadilika, iulizie kituoni kabla hujalipa chochote. Treni ni ya mtu asiye na haraka, lakini ukiipata, ipande. Reli ile ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na ukiipita utaelewa walifanya kazi gani. Kutoka Lusaka hadi Livingstone ni kilomita zipatazo 480 kwa basi. Fedha badilisha kwenye duka lenye risiti, si kwa vijana wanaopunga noti mpakani. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iweke pamoja na pasi.

Chakula hakitakusumbua: nshima ni ugali wetu. Agiza na kapenta. Wewe wa kiwanda cha samaki utafurahi kujua kwamba hao si dagaa wa Ziwa Victoria; ni wale wa Tanganyika, waliopandikizwa Ziwa Kariba miaka ya 1960 wakazaana.

Ukibakiwa na fedha, panda boti la mpira mtoni chini ya maporomoko. Mwezi wa kumi maji yamepungua na mawimbi ya Batoka, korongo la Zambezi chini ya maporomoko, yako wazi, ila ni makali, hivyo nenda na kampuni inayokupa kofia ngumu na jaketi la kuokolea. Zambia na Zimbabwe zina mpango wa bwawa la umeme la megawati 2,400 humo korongoni, na likijengwa mengi ya mawimbi hayo yatazama. Ndiyo maana nimekwambia usiahirishe.

Tiketi ya kurudi Lusaka kata siku moja kabla. Saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na tiketi ikiandikwa 06:00 maana yake ni saa kumi na mbili asubuhi.