Maswali na Majibu: Jicho Lipi, Mkono Upi?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nitazame kwenye vyufainda (kitundu cha kutazamia cha kamera) kwa jicho lipi, na mwenye shoto afanyeje na kamera ambayo kitufe chake kiko kulia. Nimechagua zile zinazowakilisha nyingine. Mambo ya awali, kama maana ya fokasi au namna ya kubadili lenzi, sitayarudia hapa.

Rafiki alinipima akasema jicho langu kuu, lile linaloongoza katika kulenga, ni la kushoto, ingawa naandika kwa kulia. Anasema sitapiga picha nzuri kamwe kwa sababu kamera zimetengenezwa kwa jicho la kulia. Nilizoeze la kulia?

Usijisumbue. Rafiki yako amechukua mambo ya bunduki akayaleta kwenye kamera. Mwenye bunduki lazima aweke jicho, alama ya kulengea na shabaha kwenye mstari mmoja. Akiacha macho yote mawili wazi na jicho lake kuu likawa lile lisilo nyuma ya bunduki, risasi inakwenda pembeni. Hapo jicho kuu ni suala zito. Kwenye kamera, iwe ya rifleksi, yenye kioo cha ndani, au isiyo nacho, unachokiona kwenye vyufainda kimepita kwenye lenzi. Picha ni ileile kwa jicho lolote.

Tena wewe si mtu wa ajabu. Takriban theluthi moja ya watu jicho lao kuu ni la kushoto, ilhali wenye shoto ni kama mmoja kati ya kumi. Piga hesabu mwenyewe uone ni wangapi wanaandika kwa kulia na kutazama kwa kushoto.

Kinachobadilika ni starehe: pua inakaa wapi, kidole gumba kina nafasi gani, shavu linagusa nini. Hayo yanarekebishika. Jicho la kutumia ni lile linaloona vizuri ndani ya vyufainda na linalokwenda pale lenyewe kabla hujafikiri. Ukimlazimisha mtu abadili jicho, utampunguzia kasi wakati tukio linapita, na picha haitakuwa bora hata chembe.

Nitajuaje jicho langu kuu?

Swali hili linaletwa karibu kila mara, na jibu halijabadilika. Nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja uache tundu dogo katikati, kisha tazama kupitia tundu hilo kitu kilicho mbali, kwa mfano kitasa cha mlango, macho yote mawili yakiwa wazi. Fumba la kushoto. Kitasa kikibaki kwenye tundu, jicho kuu ni la kulia. Kikitoweka, ni la kushoto. Rudia mara tatu nne. Kitu kiwe mbele yako sawasawa, kwa sababu ukitazama pembeni sana jicho linaloongoza linaweza kubadilishana na mwenzake.

Muitalia Giambattista della Porta alieleza kipimo cha aina hii mwaka 1593. Huhitaji programu ya simu, wala huhitaji kumlipa mtu akupime.

Angalizo: jicho kuu ni lile ambalo ubongo unalitanguliza katika kulenga. Halilazimiki kuwa ndilo linaloona vizuri zaidi. Wengi wanaoniandikia wanachanganya haya mawili, na barua inayofuata ni mfano.

Nimenunua kamera iliyotumika. Kwa jicho la kulia naona ukungu kwenye vyufainda, kwa la kushoto naona afadhali. Nimehamia kushoto lakini sijazoea na shingo inaniuma. Je, mimi ni mtu wa jicho la kushoto, au lenzi ni mbovu?

Si hili wala si lile. Hujaligusa gurudumu la dayopta, lile linalorekebisha vyufainda ili jicho lako lione vizuri ndani yake.

Naomba wasomaji wote mnisikilize hapa, maana nimeona watu wakiuza lenzi nzima, wakirudisha kamera dukani na sasa wakihama jicho, kwa sababu ya kigurudumu kilicho pembeni mwa kitundu cha kutazamia. Aliyekuwa na kamera hiyo kabla yako alikiweka kwa jicho lake. Hata kamera mpya inaweza kufika ikiwa imezungushwa, na mfuko wa kamera hukizungusha kwa msuguano tu kila unapoiingiza na kuitoa.

Fanya hivi. Elekeza kamera kwenye ukuta mweupe. Bonyeza nusu tu kitufe cha kupigia ili alama za ndani ziwake. Tazama namba za kasi ya shata na visanduku vya fokasi. Usitazame ukuta, usitazame mandhari. Zungusha dayopta mpaka namba zikae kali, pitiliza kidogo, rudi. Ondoa jicho, tazama mbali kwa muda ili lipumzike, kisha hakikisha tena. Watu hukosea kwa kutazama mandhari, kwani mandhari yanaweza kuwa na ukungu kwa sababu lenzi haijafokasi, na hapo unarekebisha kitu kimoja kwa kuharibu kingine.

Kipimo hicho ni cha jicho moja. Ukihamia jingine, pima upya. Mwenye miwani aamue mapema kama atapiga akiwa ameivaa au ameivua, kisha aweke dayopta kwa uamuzi huo na asichanganye. Kama miwani yako ni ya astigimatizimu (kasoro ya jicho lisilo na mviringo sawasawa), ivae, maana dayopta hairekebishi kasoro hiyo. Na kamera nyingi zina mpaka wa dayopta. Jicho linalohitaji miwani ya namba kubwa sana halitafikiwa bila miwani.

Ukitumia fokasi ya kamera yenyewe, dayopta mbovu haitaharibu picha, itakuchosha macho tu. Ukifokasi kwa mkono, itakuharibia picha, nawe utalaumu lenzi. Kwa hiyo rudi kwenye jicho la kulia, zungusha, na shingo yako itapona. Ikiwa baada ya kuzungusha mpaka mwisho jicho la kulia bado linaona ukungu, na hata bila kamera linaona vibaya, hilo ni suala la daktari wa macho.

Natumia jicho la kushoto. Nikiweka kamera usoni kisanduku cha fokasi kinaruka chenyewe hadi pembeni. Kamera imeingiliwa na nini?

Pua yako. Jicho la kushoto likiwa kwenye kitundu cha katikati, pua inatua upande wa kulia wa skrini, na skrini ya kugusa haitofautishi pua na kidole. Ingia kwenye menyu utafute kipengele cha kuhamisha fokasi kwa kugusa wakati unatumia vyufainda. Ama kizime, ama punguza eneo linalosikia mguso libaki kona ya juu kulia, ambako kidole gumba kinafika na pua haifiki. Kama skrini yako inafunguka kwa bawaba ya pembeni, igeuze uso wake uangalie ndani. Utaepuka pua na utaepuka mafuta ya ngozi kwenye kioo.

Kamera yangu ya filamu ina wenzo wa kusogeza filamu. Nikitazama kwa kushoto wenzo unanidunga usoni.

Ondoa jicho, vuta wenzo, rudi.

Mimi ni wa shoto kwa kila kitu. Kwa nini hakuna kamera ya watu wa shoto?

Zimewahi kuwapo. Exakta, zilizotengenezwa na kampuni ya Ihagee mjini Dresden, Ujerumani, zilikuwa na kitufe cha kupigia na wenzo wa filamu upande wa kushoto, kama ile Kine Exakta ya mwaka 1936. Baadaye Yashica walitoa toleo la shoto la kamera yao ya Samurai. Siku hizi kamera za kawaida zote zina kitufe kulia.

Lakini tazama mikono inavyogawana kazi kabla ya kulalamika. Kidole cha kulia kinabonyeza. Mkono wa kushoto ndio unaobeba uzito wa lenzi, unazungusha zumu, unazungusha pete ya fokasi kwa milimita. Kazi ya usahihi iko kwako tayari. Kinachowasumbua wenye shoto katika siku za mwanzo ni kushika kamera kwa pembeni kama sahani, viganja vyote viwili vikiwa mbavuni mwa mwili wa kamera. Kiganja cha kushoto kiende chini ya lenzi, kiwiko kikae karibu na kifua, na malalamiko mengi yataisha.

Suala langu ni la watu wengine, ambao hawakuuliza: wale ambao mkono wao wa kulia haufanyi kazi kabisa. Kwao hili si suala la mazoea. Wanabaki na waya wa kubonyezea au rimoti, kamera ikiwa kwenye tripodi, au kupigia kwa programu ya simu. Watengenezaji walioweza kutoa kamera ya shoto enzi za filamu wanaweza kuifikiria leo, ambapo kitufe ni swichi ya umeme tu na kinaweza kuwekwa popote. Nitaendelea kulisema hili.

Nifumbe jicho lingine au niliache wazi?

Liache wazi ukiweza. Kulikaza kunavuta misuli ya uso mzima na kulibana hata lile linalotazama, na ukipiga kwa saa nzima utachoka. Mwanzoni ubongo unakuchanganyia picha mbili, baadaye unaipuuza ile usiyoihitaji.

Faida hailingani kwa wote, na hapa ndipo umbo la kamera lina maana kweli. Kuna kamera zenye vyufainda kwenye kona ya juu kushoto, mtindo wa Leica M. Ukitazama kwa jicho la kulia kwenye kamera hizo, pua inakaa nje ya mwili wa kamera na jicho la kushoto linaona mandhari yote. Unamwona mtu anayekuja kabla hajaingia kwenye fremu. Leica M3 ya mwaka 1954 ina vyufainda inayokuza mara 0.91, karibu sawa na jicho tupu, hivyo macho mawili yanaona kitu kimoja kwa ukubwa unaokaribiana. Ukitazama kwa kushoto kwenye kamera hiyohiyo, mwili wake unafunika uso na jicho la kulia linaona chuma. Inatumika, na wapo wanaoitumia hivyo kwa miaka, ila faida ile umeipoteza. Mwenye jicho la kushoto anayetamani kamera ya aina hii aishike na kuiweka usoni kabla hajalipa. Usinunue kwa kusoma sifa zake tu.

Nikiisimamisha kamera wima, mkono wa kulia uwe juu au chini?

Wengi hufundishwa mkono wa kulia juu, na hakuna anayewaambia kwamba ushauri huo ni wa jicho la kulia. Mkono wa kulia ukiwa juu, sehemu kubwa ya mwili wa kamera inaelekea kulia kwa kitundu. Mwenye jicho la kulia anabaki na pua huru. Mwenye jicho la kushoto anaigandamiza pua kwenye skrini. Wewe wa kushoto geuza mkono wa kulia uwe chini: pua inapata nafasi, jicho la kulia linaona mbele, na kiwiko kinashikamana na kifua, hivyo kamera inatulia zaidi.

Mwanangu ana miaka sita, anashika kamera ya kuchezea kwa jicho la kushoto. Nimkataze?

Hapana. Ila mpeleke apimwe macho. Mtoto anayelikwepa jicho moja kila mara huenda halioni vizuri, na jicho vivu (lile ambalo ubongo umezoea kulipuuza) hutibika kwa urahisi zaidi utotoni kuliko ukubwani. Akionekana mzima, mwache.

Na mradi tunazungumzia watoto: asitazame jua kupitia vyufainda ya kioo (isiyo ya umeme), hasa ikiwa na lenzi ya kuvuta mbali. Retina haisikii maumivu inapoungua.

Miaka yote nimetumia jicho la kulia. Mwezi huu nimejikuta natumia la kushoto bila kupanga, na dayopta nimeshaiweka sawa kama ulivyoelekeza huko nyuma. Ni mazoea tu?

Funika jicho la kushoto, soma ukurasa huu kwa la kulia peke yake, kisha badilisha. La kulia likiwa na ukungu, mistari iliyopinda au doa katikati, nenda kwa daktari wa macho kesho. Hata kama hukuona tofauti, nenda wiki hii. Kamera inaweza kusubiri.