Kipimo Kimeonyesha Virusi Vipya, Niuze Nguruwe Wote?

SWALI: Daktari, nafuga nguruwe huku Chanika, Dar es Salaam. Majike wawili wametoa mimba mwezi huu. Kijana mmoja alichukua damu, akasema kipimo cha PCR kimeonyesha sirkovirusi aina ya 3, ugonjwa mpya. Amewachoma OTC (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) na kunishauri niwauze wote haraka. Nifanyeje?

JIBU: Usiuze. Virusi hivyo vilitambuliwa Marekani mwaka 2016, na tangu hapo vimekutwa nchi nyingi, mara nyingi kwa nguruwe wanaokula na kunenepa bila shida. Hapa ndipo watu wanaponichosha: wakiambiwa "vipo", wao wanasikia "ndivyo vilivyoua". PCR hutafuta kipande cha vinasaba tu. Kuviona kwenye damu ya mama hakuelezi kilichoua watoto tumboni. Wa kupimwa ni watoto wenyewe: vipande vya moyo na mapafu vitazamwe kwa hadubini, na virusi vionekane palepale nyama ilipoharibika. Mpaka hapo tuna mtuhumiwa tu, ushahidi hatuna.

Tena PCR huona kile ilichotegeshewa. Ya sirko haisemi lolote kuhusu parvo (kirusi), brusela wala leptospira (bakteria), ambazo nazo hutoa mimba na ambazo mimi ningezishuku kwanza. Hizo mbili za mwisho huambukiza hata binadamu, kwa hiyo vaa glavu. Mimba ikitoka tena, tia vijusi na kondo la nyuma kwenye mifuko isiyovuja, weka ndani ya boksi lenye barafu bila kuvigandisha, uvipeleke siku hiyohiyo Wakala ya Maabara ya Veterinari, Temeke. Omba vipimo vya magonjwa yote hayo. Na waeleze kuhusu OTC: haiui kirusi chochote, na kama tatizo ni bakteria, huenda imeshavuruga majibu.

Ushauri wa "uza haraka" ndio unaonikera zaidi. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921 na haina tiba hadi leo, husambaa hivyohivyo. Mfugaji anatishwa, anauza kwa bei ya kutupa, mnyama anaishia kwenye kitimoto mtaa wa pili, na makombo yanarudi bandani kama chakula. Nguruwe wako wakianza kupata homa kali na kufa mfululizo, usihamishe hata mmoja. Mwite ofisa mifugo wa kata. Huyo kijana naye, kabla hajafungua tena begi lake, mwombe namba yake ya usajili wa Baraza la Veterinari.