Hilo ni jinamizi, dada, hujarogwa

Pole sana, dada. Unauliza kama umerogwa kwa sababu unazinduka alfajiri, macho yanaona, mwili haunyanyuki na kitu kimekukalia kifuani. Hilo ndilo jinamizi. Tukiwa ndotoni, ubongo huilegeza misuli tusije tukarusha mateke. Mara nyingine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa, na ndoto inaendelea mle mle chumbani. Mimi lilikuwa likinikuta nikilala chali baada ya zamu ya usiku: pazia naliona vizuri kabisa, nataka kumwita mama, sauti haitoki. Usipambane nalo. Pumua taratibu, jaribu kuchezesha kidole kimoja cha mguu. Lala ubavu, na upate usingizi wa kutosha. Ukianza kusinzia ovyo mchana, mwone daktari.