Maswali ya Wasomaji: Rangi ya Pichi Hafifu Ndani ya Nyumba

Toleo hili tumechagua barua tatu kutoka Tanga, na zote zinahusu rangi moja: pichi hafifu, yaani rangi ya nyama ya mapichi yanayoteremshwa kutoka Lushoto, iliyozimuliwa kwa nyeupe nyingi. Kampuni ya Pantone ya Marekani iliiteua rangi ya jamii hiyo, Peach Fuzz, kuwa rangi ya mwaka 2024, lakini kuta za Tanga zina jua lake na unyevu wake, na hayo ndiyo tutakayoyazingatia.

SWALI: Mpendwa Mhariri, salaam. Sebule yetu ina madirisha mawili makubwa yanayotazama magharibi, milango ya mninga, marumaru za kijivu na makochi ya kahawia. Nimeipenda pichi niliyoiona kwenye kitabu cha rangi dukani, lakini fundi anasema ikishapakwa itakuwa chungwa, na mume wangu anasema hiyo ni rangi ya vyumba vya watoto. Je, niiache? — Mama wa Chumbageni

JIBU: Dada yangu, usiiache, ila msikilize fundi wako, kwa sababu hoja yake ina msingi. Kipande cha rangi kitabuni ni kidogo na kimezungukwa na karatasi nyeupe, ilhali sebuleni kuta nne zinatazamana, na mwanga unaogonga ukuta mmoja huchukua rangi yake na kuipeleka kwenye ukuta wa pili, hivyo rangi hukolea zaidi ya ulivyotarajia, hasa pembeni ambapo kuta mbili zinakutana. Kwa madirisha ya magharibi jambo hili huzidi, maana kuanzia saa kumi jioni jua linashuka na miale yake inaelekea njano na nyekundu, na pichi iliyokolea ikipigwa na miale hiyo huwa chungwa kweli. Kwa hiyo, rudi kwenye kitabu kile kile ushuke hatua mbili chini ya ile uliyoipenda, mpaka ufike kwenye rangi ambayo dukani utaidhania kuwa ni nyeupe iliyoguswa kidogo tu.

Kabla ya kununua ndoo nzima, nunua kopo dogo kuliko yote waliyo nayo, upake mikono miwili, yaani tabaka mbili za rangi, kwenye kipande cha plaiwudi chenye angalau nusu mita kila upande, kisha ukiegemeze ukutani. Sishauri kujaribu moja kwa moja juu ya ukuta, kwa sababu rangi ya zamani inayozunguka jaribio hudanganya macho. Kitazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na usiku taa zikiwa zimewashwa. Hilo la usiku nalisisitiza, kwa kuwa balbu nyingi za LED madukani kwetu zimeandikwa 6500K, nazo hutoa mwanga mweupe unaoelekea buluu. Chini ya mwanga huo pichi hupoteza joto lake na kuonekana kama waridi lenye majivu. Zilizoandikwa 2700K au 3000K huirudishia uhai wake. Ni afadhali uchague balbu kwanza, halafu rangi.

Mume wako naye ana haki kuhusu pichi zinazoelekea waridi, kwani hizo ndizo zinazokumbusha vyumba vya watoto. Mwombe muuzaji apunguze nyekundu na aongeze njano kidogo anapochanganya, na utapata pichi ya kiutu uzima ambayo itaelewana vizuri na mninga wako. Marumaru za kijivu hazina ugomvi nayo, zinaituliza. Dari ipake rangi ya maziwa badala ya nyeupe kali, kwa sababu nyeupe kali ikikaa juu ya pichi huifanya ionekane imechafuka. Ukitaka chumba kichangamke, tafuta mito ya buluu, kwani buluu na rangi za jamii ya chungwa hukuzana zikikaa pamoja. Mapazia mekundu yaache, chumba kitazidi joto.

Jambo la mwisho ni mng'ao. Mafundi wengi hupendelea rangi ya silki, yaani yenye mng'ao kiasi, kwa sababu inafutika kwa kitambaa, lakini mwanga wa jioni unaoingia kwa ubavu hufichua kila alama ya mwiko kwenye plasta. Kama ukuta haukulainishwa vizuri kwa puti na msasa, chagua isiyong'aa.

SWALI: Mwanangu mwandishi, mimi ni mzee wa Ngamiani. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe na chokaa, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili. Mjukuu wangu anaolewa, na tunataka chumba chake na ukumbi vipakwe pichi. Tatizo ni kwamba kila tukipaka, masika yakipita rangi inabanduka magamba kutoka chini mpaka usawa wa kiuno, na unga mweupe unabaki. Fundi anashauri tupige plasta ya saruji, kisha rangi ya mafuta. — Babu wa Ngamiani

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa harusi inayokuja. Nakuomba sana usiikubali saruji hiyo. Unga unaouona ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta, hutoka kwa kukauka usoni pake, na chumvi iliyoyeyuka ndani yake hubaki. Ukuta wa chokaa uliachiwa nafasi ya kupumua. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta, chumvi hukomaa nyuma ya rangi na kuisukuma mpaka ibanduke, na ukiuziba kwa saruji, unyevu hutafuta njia juu zaidi, kwa hiyo magamba yaliyo kiunoni leo yatahamia mabegani.

Kazi ianze nje. Angalieni maji ya paa yanadondokea wapi; kama ni kwenye msingi, chimbeni mfereji wa kuyaondoa, na udongo uliorundikana ukutani muuondoe. Ndani, kwangueni rangi yote iliyolegea. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, basi lowesheni kwanza ili vumbi lisiruke, na watoto na wajawazito wakae mbali. Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu, isioshwe, kwa sababu maji huirudisha ndani. Panapohitaji plasta, pigeni ya chokaa na mchanga, mkaiache ikauke taratibu.

Pichi yenyewe ipatikane kwa chokaa. Nunueni unga wa rangi ya oksidi ya chuma, wa njano na mwekundu, kwa kuwa chokaa haiuharibu. Rangi nyingine nyingi hufifishwa nayo. Unga usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa chokaa, na kwa pichi hafifu mtahitaji kidogo sana kuliko hapo: njano iwe nyingi, nyekundu ya kuonjesha tu. Uloweke kwanza, mchuje kwa kitambaa, ndipo mchanganye na chokaa mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Lowesheni ukuta, pakeni mikono mitatu au minne myembamba, kila mmoja na siku yake. Fundi avae miwani na glavu, maana chokaa huunguza macho. Ikipakwa nzito itaacha unga kwenye nguo za bibi harusi.

Msiogope ikionekana imekolea ikiwa mbichi, kwani ikikauka hupauka sana. Jaribuni kwenye kona na kusubiri siku nzima kabla ya kuamua. Pichi ya chokaa haitoki sawasawa kila mahali, ina mawingumawingu, nami naiona nzuri kuliko rangi yoyote ya ndoo. Kwenye ukumbi usio na dirisha, ambao mwanga wake hutoka milangoni tu, itasaidia kuusambaza mwanga huo mpaka katikati.

SWALI: Nimejenga chumba cha mita 4 kwa 3.5, urefu wa ukuta mita 2.8, na plasta ya saruji imepigwa wiki iliyopita. Ninunue pichi kiasi gani? — Kijana wa Makorora

JIBU: Kaka, usinunue bado. Plasta mpya ya saruji iache ikomae kwa siku 28, na ikiwa ni wakati wa mvua, zaidi, la sivyo ukali wake utaila rangi na kuacha mabaka. Baada ya hapo paka rangi ya msingi inayohimili saruji. Kuta zako zote ni mita za mraba 42. Ukitoa mlango na madirisha zinabaki kama 37, na kwa mikono miwili ni 74. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini, kwa hiyo makopo mawili ya lita 4 yatatosha. Yachanganye yote katika ndoo moja kabla ya kuanza, kwa sababu makopo mawili ya pichi mara nyingi hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta. Inayobaki ifunike vizuri, na uandike namba ya mchanganyiko ubavuni mwa kopo, kwani pichi ni ngumu mno kuifananisha kwa macho utakapohitaji kuziba mikwaruzo.