Ndege ya Kigali: maswali yenu

Tangu Marekani nayo ianze kuwapeleka watu Rwanda na Eswatini mwaka 2025, mmekuwa mkiuliza upya kuhusu ule mpango wa Uingereza wa kuwapeleka Rwanda watu waliofika kwake kuomba hifadhi.

Hatimaye Uingereza iliwapeleka wangapi Rwanda? (Msomaji, Mwanza)

Kwa lazima, hata mmoja. Wanne walikwenda kwa hiari. Mkataba ulitiwa saini Aprili 2022, Waziri Mkuu mpya, Keir Starmer, akaufuta Julai 2024, na serikali yake ikasema pauni milioni 700 zilikuwa zimeshateketea.

Mimi ni Mnyarwanda. Kwa nini mahakama ya London ilisema nchi yetu si salama, ilhali tunahifadhi wakimbizi kibao? (Msomaji, Huye)

Uchungu wako naufahamu, ndugu yangu, na vichwa vya habari viliuzidisha. Novemba 15, 2023, majaji watano wa Mahakama ya Juu hawakuwa wakipima usalama wa mitaa ya Kigali. Waliuliza hivi: mtu akiomba hifadhi Rwanda, kesi yake itasikilizwa ipasavyo, au atarudishwa kulekule alikokimbia? Kwa ushahidi wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wakaona hatari ya kurudishwa ipo. Walitazama pia yaliyowapata watu waliopelekwa huko awali kutoka Israel.

Ni kweli Rwanda inahifadhi zaidi ya wakimbizi laki moja, wengi wao Wakongo na Warundi. Ni kweli pia kwamba UNHCR hiyohiyo huwapeleka kwenye kituo cha Gashora, nchini Rwanda, watu waliokwama Libya. Lakini hao huenda kwa ridhaa yao, na wengi husubiri kuhamishiwa nchi nyingine. Habari iliyoishia kwenye "Rwanda si salama" ilikuwa nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyoamua kesi.

Aliyeingia Uingereza kwa mashua bila viza si mhalifu? (Msomaji, Nakuru)

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, mradi ametoka moja kwa moja hatarini na kujitokeza bila kukawia. Ubishi uko kwenye "moja kwa moja", maana wengi wamepitia Ufaransa. Ila Uingereza haitoi viza ya kwenda kuomba hifadhi. Sasa apitie wapi?

Mbona televisheni ni mashua tu? (Msomaji, Tanga)

Mashua inapigika picha. Miezi ya kungoja jibu hotelini, bila ruhusa ya kufanya kazi, haina cha kupiga.

Mdogo wangu anasubiri jibu la ombi lake la hifadhi huko Uingereza, na mwandishi anataka kumhoji. Akubali? (Msomaji, Bukavu)

Dada, kwanza amuulize wakili wake. Atakalosema hewani linaweza kulinganishwa na maelezo ya kesi yake, na sura yake inaweza kuwafikia aliowakimbia. Mwandishi akikataa kuficha jina na sura, amwambie hapana.